Tendo la kwanza la Romeo and Juliet: wazee walikuwa wapi?

Mpwa wangu alinijia Ijumaa baada ya magharibi, kitabu mkononi, uso umemkunjamana. Shule yao hufuata mtaala wa Uingereza, na walikuwa wamepewa kazi ya kulisoma Tendo la Kwanza la Romeo and Juliet lote kabla ya Jumatatu, kisha waeleze kwa maandishi yanayotokea na kwa nini yanatokea. "Mjomba," akaniambia kabla hata hajakaa, "nimesoma weee, kurasa na kurasa, na huyo Romeo na huyo Juliet hawajaonana bado. Hii kweli ni hadithi ya mapenzi?"

Nilimwambia akae, swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Mtaani kwetu jina la Romeo limekuwa la mzaha. Kijana akipita amejitia manukato na shati limepigwa pasi, wenzake barazani watasema Romeo huyo keshatoka. Na wengi wanaosema wanaujua mchezo huu wanajua picha moja tu: msichana juu kwenye roshani, kijana chini bustanini. Picha hiyo ni ya Tendo la Pili. (Hata hiyo roshani, sisi wa Mji wa Kale tunaoishi chini ya roshani tungependa kuidai, lakini katika maneno ya Shakespeare kinachotajwa ni dirisha.) Kabla ya kufika hapo kuna tendo zima lenye maonyesho matano, na wanafunzi hulipita mbio kama abiria anayesinzia mpaka ashushwe kituoni. Nilisomesha fasihi miaka mingi, na nakiri nami nilikuwa nikilipitisha mbio. Safari hii tulikaa nalo siku mbili, mimi na yeye na birika la chai, tukilisoma kwa sauti.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. William Shakespeare aliuandika mchezo huu katikati ya miaka ya 1590. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, na 1599 ukatoka tena katika nakala ndefu na bora zaidi. Kisa chenyewe hakukibuni yeye. Kilikuwa kikisimuliwa Italia tangu zamani, na mwaka 1562 Mwingereza aitwaye Arthur Brooke alikitunga kuwa utenzi mrefu. Shakespeare aliuchukua utenzi huo akafanya mambo mawili ya kutazamwa. Kwa Brooke mambo yanaenda kwa miezi. Kwa Shakespeare yanaanza Jumapili asubuhi, na kabla wiki haijaisha maiti ziko kaburini. Na Juliet, ambaye kwa Brooke alikuwa na miaka 16, Shakespeare alimshusha hadi 13. Nitalirudia hili.

Mchezo unafunguliwa na dibaji. Mtu mmoja anatoka peke yake jukwaani na kutueleza yote: mji ni Verona, nyumba mbili za cheo sawa zina uhasama wa kale unaozuka upya, watatokea wapenzi wawili, watakufa, na kifo chao ndicho kitakachouzika ugomvi wa wazazi wao. Mpwa wangu alikasirika. "Ametuharibia hadithi," alisema. Nilimkumbusha kwamba watu wetu walikuwa wakikaa usiku kucha kusikiliza utenzi ambao kila mmoja anajua shujaa atakufa wapi. Ukishajua mwisho, unaacha kuuliza nini kitatokea, unaanza kutazama kinatokeaje, na nani alikuwa na nafasi ya kukizuia. Nilimwomba achukue kalamu, na kila atakapoona mtu mzima mwenye nafasi hiyo aandike jina lake pembeni.

Nilimpa na kazi nyingine: atafute sababu ya ugomvi. Aliitafuta mpaka mwisho wa tendo, hakuiona. Haimo. Haimo katika mchezo mzima. Nyumba mbili zimechukiana mpaka damu inamwagika, na hakuna hata mmoja anayesema walikosana nini. Mtu anaweza kudhani mwandishi alisahau. Mimi sidhani. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na nyumba ya pili kutoka kwetu ambayo hatukuingia, hatukula harusi yao wala wao kuja kwenye msiba wetu. Nilimuuliza marehemu baba kisa. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mambo ya zamani hayo." Sijui mpaka leo, na naamini naye hakuwa akijua.

Onyesho la Kwanza linaanza kwa watumishi wawili wa nyumba ya Capulet, Sampson na Gregory, wanaotembea na silaha na kujitapa. Hapa ndipo wanafunzi wengi huvunjika moyo, maana maneno yao ni ya kuchezea sauti. Kwa Kiingereza neno la makaa, la mchimba makaa, la hasira na la kitanzi cha shingoni yanakaribiana kimatamshi, nao wanarushiana hayo kama mpira. Mwalimu Julius Nyerere, kwa Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969, alituonyesha kwamba Kiswahili kinambeba Shakespeare bila kuinama, lakini mzaha wa sauti haupandi chombo, unabaki bandarini. Usiumie kichwa nao. Shika tu kinachosikika chini yake: kutoka makaa wameenda hasira, kutoka hasira wameenda kitanzi. Kisha wanaanza kuwataja wanawake wa nyumba ya pili kwa lugha ya kuwadhalilisha, na wanacheka. Mpwa wangu aliposoma hapo alinyamaza. Nikamwambia asiogope kuliandika hilo. Mchezo unaosifiwa kwa mapenzi umefungua mdomo kwa wanaume wanaowazungumza wanawake kama nyara za vita.

Halafu linakuja tusi. Watumishi wa Montague wanatokea, na Sampson anauma kidole gumba mbele yao. Msomaji wa Kiingereza wa leo hulazimika kutazama maelezo chini ya ukurasa ajue maana yake. Mswahili hana haja. Kwetu mtu hupita barazani akafyonya. Ukimuuliza kama amekufyonya wewe, atakujibu amefyonya tu, kwani mdomo ni wako? Au jirani atanunua leso yenye jina la kukuchoma, ajifunge, apite mlangoni kwako mara tatu, na ukilalamika akuulize tangu lini leso ikawa na mwenyewe. Sampson ni mtu wa namna hiyo hiyo. Anapoulizwa kama kidole anawaumia wao, anamgeukia Gregory na kumnong'oneza: akikubali, sheria itakuwa upande wao? Gregory anamwambia la. Basi Sampson anakana kwamba hawaumii wao, lakini kidole, ndiyo, anauma. Mpwa wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Na ndivyo inavyotakiwa, ucheke. Kwa sababu kurasa mbili baadaye mji mzima uko njiani na marungu.

Tazameni inavyopanda. Gregory anamwona ndugu wa bwana wao anakuja, basi anapata ujasiri, anamhimiza mwenzake aseme kwamba bwana wao ni bora. Panga zinatoka. Benvolio wa Montague anaingia kuwaamua, naye amechomoa upanga ili awatenganishe. Tybalt wa Capulet anafika, anauona upanga mkononi mwa Benvolio, na maelezo hataki; anatamka wazi kwamba neno amani analichukia. Raia nao wanakuja, wamezichoka nyumba zote mbili. Mwishowe anatoka mzee Capulet mwenyewe, na joho la nyumbani, anadai upanga wake mrefu wa enzi za ujana. Mkewe anamuuliza kwa nini asiombe mkongojo. Upande wa pili mzee Montague naye anataka kuruka, na mkewe amemkamata. Wake wawili hawa ndio pekee wenye akili pale, na hakuna anayewasikiliza.

Ndipo anaingia mtawala wa mji, Escalus. Wazee wetu wangemwita liwali. Anawafokea. Anasema mara tatu sasa njia za Verona zimechafuliwa na ugomvi uliozaliwa na maneno matupu, na kwamba wakirudia, watalipa kwa roho zao. Wanafunzi huandika hapo: mtawala analeta sheria. Sawa. Lakini soma anachofanya baada ya vitisho. Anamchukua Capulet aende naye saa hiyo hiyo. Montague anaambiwa aje alasiri.

Nilisoma mstari huo mara mbili, maana miaka yote niliyousomesha sikuwahi kuuona. Amewaita mbalimbali! Kwetu hata mzee asiyejua kusoma anajua ukitaka kusuluhisha watu wawili unawakalisha mkeka mmoja, huyu akasema na yule anasikia, kisha mnakunywa kahawa. Escalus amewapa kila mmoja onyo lake na saa yake. Mpwa wangu aliandika jina la kwanza pembeni ya ukurasa: Escalus.

Jina la pili alilipata upesi. Baada ya watu kutawanyika, wazazi wa Romeo wanabaki na Benvolio. Mama anauliza mwanawe yuko wapi, anashukuru hakuwepo. Baba anaeleza kuwa kijana amekuwa akionekana alfajiri akilia, na jua likichomoza anajifungia chumbani na kuziba madirisha. Amejaribu kujua kisa, hakufanikiwa. Mara Romeo mwenyewe anatokea. Na baba anafanya nini? Anaondoka, ili Benvolio akamdodose kwa niaba yake. Nilimwambia mpwa wangu akague mchezo wote, na anaweza kubisha na mwalimu wake kwa hili: Romeo hazungumzi na baba yake wala mama yake jukwaani hata neno moja, tangu mwanzo hadi kaburini.

Ugonjwa wenyewe wa Romeo ni mapenzi, ila si ya Juliet. Anampenda Rosaline, ambaye ameapa kubaki mseja. Romeo analia kwa maneno yaliyopangwa, kila kitu na kinyume chake, kama mtunzi mchanga aliyejifunza juzi kupanga vina, na katikati ya kilio anauliza chakula cha mchana watakula wapi. Shakespeare anamcheka kidogo hapa, nasi turuhusiwe. Lakini kuna jambo limefichika. Baadaye tunagundua kwamba Rosaline ni mpwa wa Capulet. Benvolio hatishiki, Mercutio anafanya mzaha, na hakuna anayemwambia Romeo: wewe, huyo si ni wa nyumba ya maadui? Uhasama unaoua watu njiani hauonekani kumzuia mtu kumpenda binti wa ukoo ule ule. Weka hilo akilini.

Onyesho la Pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mzee Capulet anatembea na Paris, kijana wa cheo, jamaa wa mtawala. Capulet anasema Montague naye amefungwa kwa amri ile ile, na kwamba kwa wazee kama wao haiwi vigumu kukaa kwa amani. Paris anamjibu kwamba wote wawili ni watu wa heshima, na ni masikitiko wamekaa na uadui muda mrefu hivyo. Basi! Mzungumzo umekwisha, wanaingia mambo ya posa. Mpwa wangu aliweka kitabu chini akaniuliza, "Sasa, mjomba, kama mzee ameshachoka, kwa nini asiende kwa mwenzake akamwambia?" Nilitafuta jibu la kitaaluma, sikulipata. Nilimwambia aliandike swali kama lilivyo.

Posa yenyewe inataka kusomwa polepole. Paris anamtaka Juliet. Baba anasema mtoto hajatimiza miaka 14, ipite misimu miwili ya joto kwanza. Paris anasema kuna wadogo kuliko yeye ambao tayari ni mama. Capulet anamjibu kwamba wanaowahishwa hivyo huharibika mapema. Anamwambia Paris amwendee msichana mwenyewe aushinde moyo wake, kwa kuwa ridhaa ya baba ni sehemu tu, ya binti ndiyo itakayoamua. Tena anagusia kwamba watoto wake wengine wote udongo umewameza, amebaki huyu. Msomaji anayejua Tendo la Tatu, ambapo baba huyu huyu anatishia kumtupa mwanawe njiani asipokubali kuolewa siku aliyoipanga yeye, hushindwa kuamini ni mtu mmoja. Usimwandike Capulet kuwa dhalimu tangu mwanzo. Utapoteza alama, na utapoteza ukweli wake. Anaanza akiwa baba mpole anayejua lililo sawa.

Wapo watakaosema umri huo ulikuwa kawaida ya zama zile. Haukuwa. Sheria ya Uingereza wakati ule iliruhusu msichana kuolewa tangu miaka 12, kweli, lakini wanawake wa kawaida nchini humo walikuwa wakiolewa wakiwa na miaka ishirini na kitu, aghalabu katikati ya hiyo ishirini. Waliokaa ukumbini London kutazama mchezo huu walisikia 13 nao wakashtuka kama wewe. Shakespeare mwenyewe alikuwa na binti, Susanna, aliyezaliwa 1583, kwa hiyo alipokuwa akiandika haya nyumbani kwake alikuwepo msichana wa karibu umri huo. Kwetu sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18, na bado tunajua kuna nyumba mazungumzo ya Paris na Capulet yanapigwa kila mwaka.

Onyesho linafungwa kwa kichekesho kilichobeba kifo. Capulet anampa mtumishi orodha ya waalikwa wa karamu ya usiku, akawaite. Mtumishi hajui kusoma. Anamkuta Romeo njiani, anamwomba amsomee. Romeo anaisoma, analiona jina la Rosaline, na mtumishi kwa shukrani anamkaribisha karamuni, mradi tu asiwe wa nyumba ya Montague! Angelijua kusoma, au Capulet angemtuma anayejua, mchezo ungeishia hapo.

Katika Onyesho la Tatu ndipo tunamwona Juliet, na tunamwona hasemi. Yumo chumbani na mama yake na yaya aliyemnyonyesha. Mama anataka kuzungumza naye faragha, anamtoa yaya, kisha papo hapo anamrudisha. Hawezi kukaa peke yake na mwanawe akamwambia jambo zito. Yaya anashika usukani. Ana hotuba inayopita mistari 30, anakumbuka siku alipomwachisha ziwa kwa kujipaka dawa ya mmea mchungu kwenye titi, kama mama zetu walivyojipaka shubiri. Anakumbuka tetemeko la ardhi siku hiyo, mtoto alivyoanguka, mzaha wa marehemu mumewe, na Susan, binti yake mwenyewe aliyekuwa sawa na Juliet kwa umri, aliyekufa. Linatajwa kwa mstari mmoja na kupitwa. Maziwa aliyonyonya Juliet yalikuwa ya Susan. Kila nikisoma hapo nasimama.

Mpwa wangu alihesabu mistari ya Juliet katika onyesho lote. Haifiki kumi. Anaitikia anapoitwa, anamwomba yaya anyamaze, anasema ndoa ni heshima asiyoiota, na kwamba atamtazama huyo Paris kama mama anavyotaka, asivuke pale ruhusa ya mama inapokomea. Mama amekwisha mwambia kuwa yeye katika umri kama huo alikuwa tayari amemzaa. Msichana ana watu wazima wawili mbele yake, wote wanampenda kwa namna yao, na hakuna anayemuuliza anaogopa nini. Zamani mwali wa Kiswahili alikuwa na somo wake wa kumfunza na kumfichia siri. Juliet ana yaya, na tutamwona yaya huyo akigeuka upande wa Paris siku atakapohitajika zaidi.

Onyesho la Nne nitalipita haraka, ingawa waigizaji hulipenda kwa sababu ya Mercutio na hotuba yake ya malkia mdogo wa ndoto anayepita puani mwa waliolala. Hotuba inaanza kwa utani na kuishia mahali peusi, mpaka Romeo anamkatiza. Cha kushika ni kwamba Romeo anakwenda karamuni na moyo mzito. Anahisi usiku huo kuna jambo litaanza ambalo litamfikisha kwenye kifo cha mapema. Anakwenda hivyo hivyo.

Sasa karamu. Capulet amefurahi, anawatania wageni, anaamrisha taa ziongezwe, anabishana na jamaa yake wamekaa miaka mingapi bila kucheza dansi ya kufunika nyuso. Romeo anamwona Juliet na Rosaline amekwisha sahaulika. Tybalt anaitambua sauti yake, anaagiza upanga. Na hapa mzee Capulet anasema neno ambalo lingeokoa roho zote: anamwambia Tybalt amwache kijana, amejiheshimu, na Verona nzima inamsifu kwa tabia njema na utulivu. Anamsifu mtoto wa adui yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, binti yake akiwa hatua chache tu kutoka hapo.

Lakini soma kinachofuata. Tybalt anapobisha, Capulet hamwambii ugomvi umekwisha. Anamwambia nani bwana wa nyumba hii, mimi au wewe? Anamwita mtoto, anamtukana, huku akigeuka kuwachekea wageni. Ametetea karamu yake na cheo chake. Mswahili anaijua heshima ya mgeni, kwamba hata adui akishaingia kwako haguswi. Heshima hiyo Capulet anayo. Alichokosa ni hatua tano za kuvuka ukumbi, amshike Romeo mkono, amwambie nisalimie baba yako. Tybalt anatoka ameapa kwamba utamu huu atauonea uchungu, na Tendo la Tatu litaonyesha hakuwa akitania. Jina la Capulet liliandikwa pembeni mara ya pili.

Wakati wakubwa wanafokeana upande mmoja, upande wa pili Romeo na Juliet wanazungumza kwa mara ya kwanza, na mazungumzo yao ni shairi. Wazungu huliita soneti: mishororo 14, mizani 10 kila mmoja, vina vinapishana, na miwili ya mwisho inafungwa kwa kina kimoja. Romeo anatoa minne ya kwanza, Juliet anajibu kwa minne, kisha wanagawana iliyobaki mpaka busu. Sisi tuliokulia kwenye malumbano ya washairi tunalielewa hili moja kwa moja: huwezi kumjibu mtu kwa bahari yake na vina vyake usipokuwa umemsikiliza. Romeo anajifanya hujaji na Juliet kuwa patakatifu pa kuzuriwa, na jina Romeo kwa Kiitaliano cha kale ndiyo maana yake, mwenye kuzuru Roma. Kwa Kiingereza kiganja cha mkono na mtende ni neno moja, na mahujaji wa Kikristo waliotoka Nchi Takatifu walirudi na kuti la mtende. Basi Juliet anamfunga kwa neno hilo, kwamba mahujaji hubusiana kwa kugusanisha viganja. Msichana aliyekuwa hana mistari kumi mbele ya mama yake hapa anamjibu mwanamume mstari kwa mstari. Na mwanafunzi makini atakumbuka kwamba dibaji nayo, ile iliyotangaza vifo, ni soneti ya mishororo 14.

Wanaanza ubeti mwingine. Yaya anaingia: mama anakuita. Kisha ndipo majina yanajulikana, Romeo akiambiwa na yaya, na Juliet akimtuma yaya aulize. Ana akili mtoto huyu; anauliza kwanza habari za vijana wengine wawili ili yule wa tatu asishtukiwe.

Jumapili usiku mpwa wangu aliniletea kurasa zake nizione. Alikuwa ameandika vizuri, kwa mwandiko mdogo, na ule mstari wa mtawala ameupigia alama nyekundu chini ya neno la alasiri. "Mjomba," akaniuliza, "Montague alipokwenda hiyo alasiri, alimkuta Capulet bado yuko?"

Nilifungua kitabu tukatazama pamoja. Onyesho la Pili linaanza, na Capulet yumo njiani na Paris, keshatoka.